Miguu Ikivimba, Tutafute Asili Yake

Mtu akivimba miguu, neno la kwanza kusikika kijijini mara nyingi ni hili: "Amekanyaga dawa aliyotegewa njiani." Basi jamaa huanza kumtafuta adui. Mbuzi huuzwa, mpiga ramli huitwa, ngozi huchanjwa kwa wembe. Majuma hupita, na mgonjwa huzidi kuelemewa. Neno hilo lina ubaya wa namna mbili: huvunja upendo kati ya majirani, tena huiba wakati ambao mgonjwa angeweza kutibiwa.

Kuvimba miguu si ugonjwa wenyewe, ila ni dalili. Moshi huonyesha kwamba pana moto. Uvimbe nao huonyesha kwamba pana jambo mwilini. Mara nyingi ni maji yaliyotoka katika mishipa ya damu na kukaa chini ya ngozi. Bonyeza kwa kidole gumba karibu na kifundo cha mguu kwa kitambo kidogo. Kidole kikiacha shimo, hayo ni maji. Sasa tuulize: yametoka wapi?

Miguu yote miwili

Aliyesimama kutwa nzima huweza kuvimba jioni, na asubuhi uvimbe umekwisha. Hilo si la kuogopesha. Lakini moyo ukichoka kusukuma damu, uvimbe hudumu. Mgonjwa hutweta akipanda mlima, na usiku hawezi kulala bila kuinua kichwa. Figo zikiharibika, uso na kope huvimba asubuhi, na mkojo huweza kutoa povu jingi. Ini likiharibika, tumbo nalo hujaa maji.

Mama mjamzito akivimba miguu kidogo, si ajabu. Lakini nusu ya mimba ikiisha kupita, uso na mikono vikivimba ghafula, kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu, huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Apelekwe hospitali siku ile ile, kwa maana maisha ya watu wawili yamo hatarini.

Mtoto aliyeachishwa ziwa

Huku Kivu wazazi wanaijua bwaki, ambayo waganga huiita kwashiorkor. Jina hilo lilitoka katika lugha ya Kiga ya Ghana, nalo lilitangazwa na mganga Cicely Williams katika miaka ya 1930; maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapozaliwa. Mtoto hupewa ugali wa muhogo karibu peke yake. Miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, ngozi hubambuka, naye hataki kucheza. Wengine husema, "Mtoto amenenepa!" Sivyo, ana njaa iliyojificha. Apelekwe upesi kituo cha afya. Na ili asipatwe, wazazi waongeze katika ugali maharagwe, karanga, samaki, mayai au maziwa.

Mguu mmoja

Mguu mmoja ukivimba ghafula, ukauma na kupata moto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, au vijidudu vimeingia kwa jeraha. Damu iliyoganda huweza kwenda mapafuni na kuua. Tusiukande mguu huo. Uvimbe uliokua polepole kwa miaka huenda ni matende, yaletwayo na minyoo midogo ienezwayo na mbu. Dawa za kuwazuia minyoo hao zipo, na mguu uoshwe kila siku kwa maji na sabuni, ukaushwe, uinuliwe wakati wa kupumzika.

Basi, wazazi na wanafunzi, mtu akivimba tusiulize, "Nani amemroga?" Tuulize: Ni mguu mmoja au yote miwili? Tangu lini? Anatweta? Anakojoa vizuri? Majibu hayo tuyapeleke kituo cha afya, watakakompima msukumo wa damu na mkojo. Vidonge vya kukojoza visinunuliwe sokoni bila shauri la mganga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.