Hakuna Plagini ya Ugonjwa Huo

Swali ni lilelile: "Mfumo wetu ni wa Laravel, makala tumeziwekea WordPress pembeni, sasa kurasa ni nzito. Tuweke plagini gani ya kasi?" Hakuna. Swali lenyewe limeanzia pabaya.

Plagini hizo hufanya nini hasa? Msomaji wa kwanza akifungua makala, PHP inaihoji MySQL, inaunda HTML, kisha plagini inahifadhi nakala kama faili. Anayefuata anapewa faili hilo. Yaani unahudumia hifadhidata, unakimbizana na masasisho, unaongeza plagini, ili mwishowe upate faili ambalo Jekyll, programu ya kujenga kurasa tuli, ingekuundia kabla hujapandisha chochote kwenye seva. Jekyll ipo tangu 2008, kwa hiyo tusiambiane habari za majaribio.

Na mlango umebaki wazi. Fungua logi za seva yoyote iliyo hewani, hata isiyo na WordPress, utakuta roboti zikigonga /wp-login.php na /xmlrpc.php usiku na mchana. Plagini ya kasi haizizuii. Zikifanikiwa, na WordPress hiyo inakaa seva moja na mfumo wako, zimeshafika ukumbini kwa data za wateja. Faili la HTML halina nywila ya kubahatisha. Halafu mtu ananiambia kurasa tuli ni teknolojia ya kizamani! SQL ni ya miaka ya 1970, mbona hiyo hamuikimbii?

Basi fanyeni hivi. Andika makala kwa Markdown, zijenge kwa Hugo au Jekyll, matokeo yaende kwenye folda ya public/makala ya Laravel. Anwani ya msingi kwenye mipangilio iwe na /makala, la sivyo ukurasa utafunguka bila CSS. Ukipigwa kosa la 403, tazama Nginx: mfano ulio kwenye nyaraka za Laravel hutaja index.php peke yake, ongeza index.html. Utafutaji ufanyikie kwenye kivinjari kwa JavaScript. Makala yenye tarehe ya kesho Hugo haiitoi mpaka ujenge upya, kwa hiyo weka cron. Mhariri asiyejua Git mtafutie fomu ya kuandikia. Hiyo ndiyo gharama halisi, msiidharau.

Ukurasa unaobadilika kwa kila anayeingia, kama salio la mteja, uacheni ndani ya mfumo. Makala haimo kwenye kundi hilo.