Bei ya Probox Kabla Haijafika Kibwezi

Gari la mtumba likifika Mtito Andei kutoka Mombasa, bei yake imekwisha kuamuliwa. Limeuzwa mnadani Japani, limevuka Bahari ya Hindi, limekadiriwa na kutozwa ushuru. Kilichobaki ni mafuta ya kulifikisha nyumbani na faida ya dalali.

Mtito Andei ni mji wa kwanza wa Kaunti ya Makueni kwa dereva anayepanda kutoka pwani, karibu nusu ya njia ya kwenda Nairobi. Magari yasiyo na namba za kudumu hupita hapo mchana na usiku. Mengine yamepangwa juu ya trela, mengine yanaendeshwa moja moja na madereva wa kukodiwa, yakielekea Nairobi, Kampala, Kigali au Juba. Miji ya Makindu, Emali na Sultan Hamud huwauzia madereva hao chai, nyama choma, vitanda na viraka vya magurudumu. Biashara yenyewe ya magari hupita tu. Machache hukata kulia Kibwezi, yakavuka Mto Athi unaotenganisha Makueni na Kitui, kisha yakapita Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui. Kabla barabara hiyo haijatiwa lami, wengi walilazimika kuzunguka kwa Machakos.

Uhusiano wa Ukambani na Mombasa ni wa zamani kuliko lami na reli. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka pwani na pembe za ndovu. Mfanyabiashara mmoja mkubwa wa Kitui, Kivui, ndiye aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka upande huo. Siku hizi mzigo unaotafutwa bandarini ni gari, na katika kaunti za Makueni na Kitui gari hilo mara nyingi huitwa Probox.

Sababu inaonekana sokoni. Msimu wa maembe ukifika Makueni, na ndengu zikivunwa Kitui, anayehitajika ni mwenye gari linalobeba magunia leo na wagonjwa kesho, lisilonywa mafuta mengi, na ambalo fundi wa jua kali wa Wote au Mwingi analijua hadi ndani. Toyota ilianza kuitengeneza Probox mwaka 2002 kwa ajili ya makampuni ya Japani yanayosambaza bidhaa. Sakafu yake ya nyuma ni tambarare, viti vyake havina madoido, na injini zake za kawaida ni za sisi (cc) 1300 na 1500. Barabara za vumbi za Zombe na Nuu hazikuwa akilini mwa waliolichora, lakini gari limezizoea.

Japani nayo ina sababu zake za kuliachilia. Gari jipya la kawaida la familia hukaguliwa na serikali linapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake ni ghali. Wengi huona nafuu kuuza na kununua jingine. Magari hayo huingia katika minada mikubwa, ambako kila moja huandikiwa karatasi yenye alama ya hali yake, kilomita lilizotembea, na mchoro unaoonyesha kila mkwaruzo. Alama ya 4 ni gari zuri, na 3.5 ni gari la kawaida lenye dalili za matumizi. Herufi R humaanisha kwamba liliwahi kugongwa au kuharibika sehemu muhimu, likatengenezwa. Karatasi hii ndiyo ushahidi bora alio nao mnunuzi wa Kitui kuhusu gari asilowahi kuliona. Kampuni nyingi za kuuza nje huionyesha ikiulizwa. Muuzaji anayekataa kuitoa amekwisha kujibu swali.

Kenya hairuhusu kila gari. Kanuni ya Shirika la Viwango, KEBS, inataka gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani wake uwe upande wa kulia. Kwa hiyo kila Januari kundi zima la magari hufungiwa mlango. Mwaka 2025 yaliyokubaliwa yalikuwa yale yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Gari lazima likaguliwe huko linakotoka na kupewa cheti cha kufaa barabarani kabla ya kupakiwa melini.

Hoja ya kanuni hii ni nzuri: magari mazee huchafua hewa, na breki zake huua. Lakini ina matokeo yanayoonekana katika gereji. Toleo la Probox lililofanyiwa mageuzi mwaka 2014 lilikuja na gia za otomatiki za aina ya CVT, na kuanzia 2018 likawapo la haibridi. Ndiyo yanayoingia sasa. Fundi aliyezoea lile la zamani anaweza kutia oili isiyo ya CVT na kuiua gia nzima, na mwenye gari akajikuta akitafuta nyingine kwa wauza vipuri wa Grogan, Nairobi. Aliyeagiza gari la aina hii aulize kwanza nani ataliangalia mjini kwake.

Bahari yenyewe si sehemu ngumu. Kutoka Yokohama, Nagoya au Kobe hadi Mombasa ni safari ya majuma kadhaa, kutegemea bandari ambazo meli hutia nanga njiani. Meli za kubeba magari zina ghorofa nyingi kama jengo la maegesho, na gari huendeshwa hadi ndani kupitia daraja la chuma linalofunguka ubavuni au nyuma. Njia hii ndiyo rahisi na ndiyo inayotumika zaidi. Kontena hufaa kwa anayeleta magari mawili matatu pamoja, au mwenye vyombo vya nyumbani. Vitu vilivyoachwa ndani ya gari linaloletwa kwa meli ya ghorofa havina mlinzi.

Kwa anayeleta gari kutoka Uingereza mambo yalibadilika tarehe 19 Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoiteka Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu. Nayo ilikuwa meli ya kubeba magari. Kampuni nyingi ziliacha njia ya Suez, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na siku na nauli zikaongezeka.

Uzito wote uko kwenye makaratasi na fedha. Mnunuzi hupokea ankara ya awali, hulipa kwa benki, kisha husubiri hati ya shehena, cheti cha ukaguzi, na hati ya Japani inayothibitisha kwamba usajili wa huko umefutwa. Hati zote hizi hukabidhiwa wakala wa forodha aliyesajiliwa, ambaye ndiye anayeruhusiwa kuingiza taarifa katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato, KRA. Bima ya baharini, kwa mujibu wa sheria, inunuliwe kwa kampuni ya Kenya. Sharti hilo lilianza kusimamiwa mwaka 2017 na kukazwa tena Februari 2025, hivyo mnunuzi anayelipa bei ya muuzaji yenye bima ndani yake anaweza kujikuta akilipa mara mbili. Gari likishuka huhamishiwa mara nyingi katika vituo vya mizigo nje ya bandari, na siku za bure zikiisha, ada ya kuhifadhi huanza kuhesabika kila siku. Wakala mzembe humgharimu mteja hapo hapo.

Kisha ushuru. KRA haianzi na kiasi alicholipa mnunuzi. Huanza na orodha yake ya bei za magari mapya ya kila aina, hupunguza kwa kadiri ya umri wa gari, huondoa kodi zilizomo ndani ya bei hiyo, na kinachobaki ndiyo thamani ya forodha. Juu yake hupandishwa ushuru wa kuingiza wa asilimia 35, uliokuwa 25 hadi katikati ya 2023. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa gari lisilozidi sisi 1500, na 25 kwa lililozidi hapo, huku injini kubwa kabisa zikitozwa 35. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16. Ada ya tamko la uagizaji ni asilimia 2.5, na ya maendeleo ya reli ni asilimia 2 tangu mwishoni mwa 2024.

Hesabu ya mfano itasaidia. Tuseme thamani ya forodha ya gari la sisi 1500 ni shilingi 500,000. Ushuru wa kuingiza ni 175,000, na jumla inakuwa 675,000. Ushuru wa bidhaa hukokotolewa juu ya jumla hiyo: 135,000. VAT nayo huja juu ya 810,000, yaani 129,600. Ada mbili zilizobaki ni 22,500. Serikali imechukua 462,100, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Gari hilohilo likizidi sisi 1500, hata kwa kidogo, kodi hupita 501,000. Kila kodi hupanda juu ya mgongo wa iliyotangulia, na ndiyo maana mnunuzi aliyejumlisha asilimia moja moja kwenye simu hushtuka afikapo Mombasa.

Dola nayo ina lake. Januari 2024 ilifika karibu shilingi 160. Gari la dola 5,000 lilikuwa shilingi 800,000 kabla ya kodi. Katikati ya mwaka uleule dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 129, na gari lilelile likawa 645,000. Tofauti ya 155,000 ni fedha ya karo kwa familia nyingi za Makueni, nayo ilitokana na miezi michache tu ya kungoja.

Wapo wana wa Ukambani walio ng'ambo wanaotamani kurudi na magari yao. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mkazi anayerudi kwa kudumu kuingiza gari moja bila ushuru, mradi amelimiliki na kulitumia nje kwa miezi 12 au zaidi na atimize masharti ya ukaazi. Aliye Uingereza ana bahati ya usukani wa kulia. Aliye Marekani hana, kwa kuwa usukani wa kushoto hauruhusiwi isipokuwa kwa magari maalumu kama ya zimamoto na ya wagonjwa. Afadhali apate maelezo ya KRA kabla ya kuuza au kupakia chochote, maana meli ikishang'oa nanga kosa halirekebishwi kwa bei nafuu.

Kuna jambo jingine linaloonekana wazi kando ya barabara ya Mombasa. Uganda huruhusu magari hadi ya miaka 15 tangu ilipobadilisha sheria yake mwaka 2018. Basi meli moja hushusha Probox mbili Mombasa: moja ya miaka 7 ya Mkenya, nyingine ya miaka 13 inayopita tu kwenda Kampala ikifuatiliwa na forodha. Zote mbili hupita Emali. Ile ya pili ni rahisi zaidi, na ndiyo inayowaponza wanaotafuta njia ya mkato. Gari linalopaswa kupita tu likibaki nchini ni mali ya magendo. KRA inaweza kulitwaa wakati wowote, na aliyelinunua hana wa kumdai. Bei ikiwa chini mno kuliko za yadi, mtu aitafute rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kutoa hata shilingi.

Wenye yadi wa Mombasa na Nairobi husema faida yao ni ndogo na hatari ni yao. Kuna ukweli ndani yake. Wao hulipa mapema, hubeba mabadiliko ya dola, na gari lisiponunuliwa huwazeekea mkononi. Kwa mwalimu wa Mwingi anayenunua kwa mkopo wa sacco, kuchukua gari lililokwisha kulipiwa ushuru, lenye logibuku, ambalo fundi wake ameliendesha, mara nyingi ni salama kuliko kuagiza mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kuagiza moja kwa moja kunalipa kwa mwenye subira, mwenye akiba ya kukabili dola ikipanda, na mwenye wakala aliyethibitishwa na watu wawili watatu waliomtumia.

Lililo gumu kutetea ni ushuru wa bidhaa kwa gari la kazi. Kodi hii inajulikana kwa pombe, sigara na anasa. Probox ya sisi 1500 inayotoa maembe Mbooni au ndengu Mutomo haimo katika kundi hilo, lakini hutozwa asilimia 20, nayo VAT hupandishwa juu yake. Mzigo huo haubaki bandarini. Huingia katika nauli ya kwenda soko la Jumatatu, na katika bei anayopewa mkulima shambani, kwa sababu mwenye gari lazima arudishe mtaji wake. Kaunti ambazo reli haifiki vijijini na mabasi ni machache ndizo zinazolipa zaidi kwa kila kilo inayosafirishwa.

Marekebisho yanawezekana: kuyapunguzia ushuru wa bidhaa magari ya kubebea mizigo yasiyozidi sisi 1500, huku kanuni ya umri na ukaguzi ikibaki palepale. Mswada wa Fedha hufikishwa katika Bunge la Taifa kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na Kamati ya Fedha hupokea maoni ya wananchi kabla ya kupitishwa kwake mwezi Juni. Vyama vya wakulima wa maembe wa Makueni, wafanyabiashara wa ndengu wa Kitui na sacco za matatu za kaunti zote mbili wana haki ya kupeleka maoni yao kwa maandishi, wakiambatanisha hesabu kama hii iliyo hapo juu. Wayaandike na wayapeleke.