Ndege za Kujitengenezea: Kwa Nini Kijazio Hupimwa Kabla ya Kupakwa

Nchini Marekani, kanuni za usafiri wa anga humruhusu mwananchi kujenga ndege yake mwenyewe, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaoijenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Ndege hizo huidhinishwa na Mamlaka ya Shirikisho ya Usafiri wa Anga (FAA) katika kundi la ndege za majaribio. Baadhi yake, ikiwemo Long-EZ ya mbunifu Burt Rutan iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979, huundwa kwa povu gumu lililofunikwa kwa vitambaa vya faibaglasi na gundi ya epoksi.

Uso wa faibaglasi hubaki na alama za kitambaa pamoja na mabonde madogo. Ili kuulainisha, mjenzi hupaka kijazio, mfano wa pati ya mafundi wa bodi za magari, kisha hukisugua kwa msasa. Kijazio hicho hakikusudiwi kuliongezea bawa nguvu, ilhali huongeza uzito. Eneo la mita 10 za mraba likifunikwa kwa unene wa milimita 1 hubeba lita 10 za kijazio. Lita moja ikiwa na kilo 1.2, ndege huongezewa kilo 12. Ikiwa na kilo 0.6, huongezewa kilo 6 tu.

Kwa sababu hiyo, wajenzi wengi huchanganya epoksi na vitufe vidogo sana vya kioo vilivyo wazi ndani. Vikipungua, mchanganyiko huwa mzito na mgumu kusugua. Vikizidi, huwa dhaifu na wenye vitundu. Pati ya magari ya poliesta hukauka haraka, lakini ni nzito zaidi na haishiki juu ya epoksi kwa uimara uleule.

Jaribio hufanyika kwanza kwenye kipande cha faibaglasi kilichoundwa kama bawa lenyewe. Kipande hukwaruzwa, husafishwa na kupimwa uzito kabla na baada ya kupakwa. Kijazio kikishakauka kikamilifu, kipande huwekwa juani, husuguliwa, kisha kijazio hubanduliwa kwa patasi. Kikivunjika ndani yake chenyewe, kimeshika vyema. Kikibanduka chote na kuacha uso mtupu, hakifai au uso haukuandaliwa ipasavyo.

Wakati wa kusugua, mjenzi huvaa barakoa na huepuka kukata nyuzi za faibaglasi, kwa kuwa ndizo zinazobeba mzigo.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu vibawa vinavyosogea ili kuongoza ndege. Kijazio kikizidi nyuma ya bawaba, mizania ya kibawa huharibika, na katika mwendo wa kasi kinaweza kutetemeka hadi kuvunjika. Hivyo, mizania ya vibawa hukaguliwa upya baada ya kijazio na rangi, na ndege nzima hupimwa uzito kabla ya kuruka.