Kilichomo Ndani ya Jani la Mwarobaini

Mwaka 1959 nzige walivamia Sudan wakala karibu kila jani. Mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona ajabu: nzige walitua juu ya miarobaini, kisha wakaondoka bila kuila. Walikwepa nini?

Ukikata kipande chembamba sana cha jani la mwarobaini ukakitazama kwa hadubini, utaona juu ngozi iliyopakwa nta, izuiayo maji yasipotee. Chini yake zimejipanga seli ndefu, zimesimama wima, zimejaa chembe za kijani zinazotengeneza chakula cha mti kwa nguvu za jua. Upande wa chini wa jani ndiko kwenye vitundu vya kupumulia. Na humo ndani kuna seli nyingine, zilizotawanyika, zenye utomvu mchungu. Hizo ndizo ghala la dawa.

Dawa zenyewe ni nyingi. Ile inayojulikana zaidi kwa kuzuia wadudu huitwa azadiraktini. Haimwui kiwavi papo hapo, bali humkatisha hamu ya kula, na humvuruga asiweze kujivua gamba ili akue. Basi mkulima ananyunyizia leo, kesho anawakuta viwavi wazima, anasema, "Dawa gani hii?" Anaimwaga, anakimbilia dukani kununua sumu kali. Kumbe kazi imeshaanza! Usihesabu viwavi, tazama kama majani bado yanaliwa.

Sasa, ghala hilo lina kuta. Ukiloweka majani mazima, kuta hazivunjiki, unapata maji machungu kidogo tu. Twanga. Kilo 1 ya majani mabichi kwa lita 5 za maji, acha usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa. Usichemshe, moto huiharibu azadiraktini. Tia sabuni kidogo, maana jani la kabichi nalo lina nta yake, maji matupu huteleza. Jua pia huivunja dawa hii, kwa hiyo nyunyizia jioni, na usisahau chini ya majani, huko viwavi wanakojificha.

Kiini cha mbegu kina azadiraktini nyingi kuliko jani: gramu 50 zilizotwangwa zinatosha lita 1 ya maji. Lakini mafuta ya mbegu hizo, jamani, msiwanyweshe watoto wachanga. Wapo waliokwisha kufa kwayo.