Kalavati la Baba

Aprili mwaka jana, kabla hakujapambazuka, Baba alinipigia simu. Hakusalimu, na Baba ni mtu wa Tanga, kwake salamu ni nusu ya mazungumzo. Alisema tu, "Njoo uone maji."

Nilikuta barabara mbele ya nyumba yake imekuwa bwawa. Hapa Houston mitaa mingi ya zamani haina mifereji iliyofunikwa. Kuna mtaro wa wazi kando ya barabara, na kila nyumba ina bomba linalopita chini ya njia ya gari ili maji yaendelee na safari yake. Upande wa chini wa njia ya Baba, mtaro ulikuwa karibu mtupu. Upande wa juu, maji yalikuwa yamefika hadi ndani ya gereji ya jirani, bibi mmoja mjane anayeishi peke yake. Haihitaji digrii kuelewa: maji yalikwama kwetu.

Na digrii ninayo. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, kazi yangu ni mihimili ya maghorofa. Miaka yote nimepita na gari juu ya bomba lile na sijawahi kuinama hata mara moja kulitazama.

"Hilo kalavati niliweka mwenyewe," Baba akasema. Kalavati! Nilijua neno la Kiingereza, la Kiswahili sikuwa nalo. Yeye ujanani alifanya kibarua cha barabara, na maneno ya kazi ile bado anayo yote.

Maji yalipopungua nikaingiza tochi. Bomba lilikuwa la bati lenye mikunjo, kipenyo inchi 12, yaani kama sentimita 30. Chini limeliwa na kutu, na nusu yake imejaa tope. Nilimwambia taratibu, maana najua jinsi anavyojivunia kazi ya mikono yake. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi tuongeze la pili kama hilo pembeni."

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mabomba mawili ya inchi 12 hayalingani na moja la inchi 18. Kwa mteremko uleule na uso uleule wa ndani, la inchi 18 hupitisha maji karibu mara 3 ya la inchi 12. Na mabomba madogo huziba haraka, tawi moja na majani kidogo tu yanatosha. Halafu kuna ile mikunjo: bati la mikunjo hupitisha takriban nusu ya kile kinachopita kwenye bomba laini la ukubwa uleule, kwa sababu maji husuguana na kila mkunjo.

Tukapima chaguo letu. Bomba la zege ni imara na hudumu, lakini ni zito, huliweki bila mashine. Bati ni rahisi kupata, ila kwenye udongo wenye maji kila wakati kutu hulimaliza. Plastiki nzito, yenye mikunjo nje na laini ndani, ni nyepesi na haishiki kutu. Sharti lake ni moja: nguvu yake inatoka kwenye udongo ulioshindiliwa ubavuni. Ukishindilia vibaya, gari litaliminya libonyee. Tukachagua plastiki.

Ukubwa hukujichagulii tu, lakini. Mtaro ni mali ya umma, kwa hiyo kibali kwanza. Ofisi husika ilitutaka tuweke inchi 18. Pia tulipiga simu 811 siku kadhaa kabla ya kuchimba, huduma ni bure, wakaja kuweka alama palipo na gesi na nyaya. Usiruke hatua hii hata kama fundi wako anakuhakikishia kwamba anaujua mtaa.

Siku ya kazi tulikodi fundi mwenye mashine ndogo ya kuchimba. Mimi nilisimamia vipimo. Sakafu ya bomba lazima ilingane na sakafu ya mtaro: ukiliinua, maji yatatuama upande wa juu, ukilizamisha, litajaa tope. Mji wetu ni tambarare, mteremko tuliopata ni nusu sentimita kwa kila mita. Kwa bomba la mita 6 hiyo ni sentimita 3 tu. Ukikosea kidogo, umeupoteza wote.

Fundi alipotaka kurudisha udongo uleule aliouchimba, Baba akainua mkono. "Hapana. Huu ni mfinyanzi. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka. Lete kokoto." Mimi na karatasi zangu zote nilikuwa nabishana na pima maji, sikuona. Tukaweka kokoto chini, tukalaza bomba, kisha tukajaza pande zote mbili kwa usawa, tabaka la sentimita 15, shindilia, tabaka jingine, shindilia. Baba mwenyewe aliingia shimoni kusukumia kokoto kwa mguu chini ya mbavu za bomba, mahali mashine haifiki. Juu tukaacha kifuniko cha zaidi ya sentimita 30 kabla ya uso wa njia, ili uzito wa gari usilifikie moja kwa moja.

Jioni ile Baba alivaa kofia yake, akaniambia, "Twende kwa yule mama." Nilidhani anaenda kumwonyesha kazi. Alisimama mlangoni akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba maji yaliyoingia gereji yalitoka kwake, na kwamba anaomba radhi. Sijawahi kumsikia Baba akiomba radhi kwa kitu alichokijenga. Yule mama alitukaribisha ndani. Maboksi ya picha za marehemu mumewe yalikuwa yameanikwa sebuleni, mengine hayakupona.

Nisiwadanganye, bomba si dawa ya kila mvua. Agosti 2017 Harvey ilimwaga zaidi ya mita 1 ya mvua sehemu kadhaa za eneo letu, na mvua kama ile haiulizi kipenyo. Lakini mvua za kawaida ndizo nyingi, na kwa hizo, uzembe wetu unaingia nyumbani kwa mtu mwingine.

Sasa kila mwisho wa Mei, kabla msimu wa vimbunga haujaanza Juni, mimi na Baba tunasafisha midomo ya kalavati kwa koleo. Kama wazazi wenu wana nyumba yenye mtaro mbele, nendeni na tochi wikendi hii. Tazameni kutu, tope, na kama njia imeanza kudidimia katikati. Na mkiwa hapo, waulizeni kila kitu kinaitwaje.