Tiba ya Kichina na maumivu ya misuli: Mwenye virusi vya HIV ajihadhari na nini?

MTU anayeishi na virusi vya HIV anapolalamika kwamba mapaja yanamuuma, mabega yamechoka na kupanda ngazi kumekuwa kazi, jamaa na marafiki hawakosi ushauri. Mmoja atamwambia anunue tembe za maumivu dukani. Mwingine atamwelekeza kwa Mchina anayetibu kwa sindano, au atamletea pakiti ya unga wa mizizi yenye maandishi asiyoweza kuyasoma.

Je, msomaji, tiba hiyo yaweza kumsaidia? Sindano zaweza kumpunguzia maumivu kiasi. Mizizi yaweza kumdhuru vibaya. Na lolote kati ya hayo lisianzwe kabla chanzo cha maumivu hakijajulikana.

Maumivu hutoka wapi?

Maumivu ya misuli si ugonjwa mmoja. Virusi vyenyewe huweza kuidhoofisha misuli, hasa ya mapaja na mabega. Mtu aliyeambukizwa majuzi pia huumwa na mwili mzima, akapata homa na kudhani ni malaria.

Dawa nazo zina lawama yake. Mwaka 1990 madaktari nchini Marekani walieleza jinsi zidovudini, ijulikanayo pia kama AZT, inavyodhuru sehemu ndogo ndani ya misuli ambazo hutengeneza nguvu. Baadhi ya walioitumia kwa miezi mingi walikonda makalio na mapaja, wakashindwa kuinuka kitini bila kujishika. Dawa ilipobadilishwa, wengi walipata nafuu. Stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe pole pole, iliharibu neva za miguu na kuwaletea wengi ganzi na hisia ya kuungua. Mgonjwa huweza kuyaita yote hayo maumivu ya misuli, lakini matibabu yake ni tofauti.

Leo watu wazima wengi nchini Kenya humeza kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ni kidonge kizuri kuliko vilivyotangulia. Hata hivyo, kwa watu wachache tenofoviri hudhuru figo, na madini yanayohitajiwa na mifupa na misuli hupotelea katika mkojo. Kwa upande mwingine, anayetumia ARV zenye ritonaviri akipewa simvastatini ya kupunguza mafuta katika damu, misuli yake yaweza kuharibika ghafla na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi.

Halafu kuna jipu la ndani ya msuli linaloletwa na bakteria. Huwapata zaidi wale ambao kinga yao imeshuka. Paja moja huvimba, huwa gumu na lenye joto, na mgonjwa hushikwa na homa. Huyu anahitaji dawa za kuua bakteria, na mara nyingi usaha kutolewa hospitalini. Kumpeleka kwingine ni kumpotezea wakati.

Wachina wanasemaje?

Tiba ya Kichina ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Hufundisha kwamba mwilini mna nguvu iitwayo chi ambayo hupita katika njia maalumu, na njia hizo zikizibwa maumivu hutokea. Kazi ya mganga ni kuzifungua. Hutumia sindano nyembamba, hukanda, huchoma majani makavu ya jamii ya pakanga karibu na ngozi, au humpa mgonjwa mizizi ya kuchemsha.

Tiba hii si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1987, ARV zikiwa bado hazijafika kwetu, madaktari wa Kichina walianza kuwatibu wagonjwa wa Ukimwi kwa miti shamba huko Muhimbili, Dar es Salaam, kwa makubaliano ya serikali za Tanzania na China. Nchini China kwenyewe, mwaka 2004 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wenye virusi tiba ya jadi bila malipo, ukianzia mikoa mitano. Mmoja wao ulikuwa Henan, ambako wakulima wengi waliambukizwa walipokuwa wakiuza damu katika miaka ya 1990. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, China hiyo hiyo ilikuwa imeanza kugawa ARV bure. Wenye tiba yao hawakuona kwamba mizizi pekee inatosha.

Sindano zafaa?

Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio 29 yaliyowahusu wagonjwa karibu 18,000 wenye maumivu sugu ya mgongo, shingo, mabega, viungo na kichwa. Waliodungwa sindano halisi walipata nafuu kuliko waliodungwa za kuigiza, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Hao hawakuteuliwa kwa sababu ya HIV. Jaribio jingine, lililochapishwa Marekani mwaka 1998, lilihusu wagonjwa 250 wenye HIV na maumivu ya neva za miguu. Humo sindano halisi hazikuzishinda za kuigiza.

Kwa hivyo, ikiwa mgongo au shingo yako imekaza na daktari hakupata hatari yoyote, sindano zaweza kukusaidia. Ikiwa nyayo zinakuwaka moto, usitarajie makubwa.

Ukienda, hakikisha kwamba sindano ni mpya, zinafunguliwa mbele yako na hutupwa baada ya matumizi. Mwambie mganga hali yako, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usikubali kudungwa mahali palipovimba. Jihadhari pia na sindano za kina kirefu kifuani na mabegani, kwani zimewahi kutoboa mapafu ya watu.

Mizizi na unga

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kuna mchanganyiko wa kale wa mzizi wa pioni na urukususu, ule mzizi mtamu, ambao hadi leo hutumiwa China na Japani kutibu mkakamao wa misuli. Urukususu ukizidi mwilini hushusha potasiamu na kupandisha shinikizo la damu. Potasiamu ikishuka, misuli hulegea. Mtu aweza kunywa dawa ya misuli akaishia kushindwa kutembea, hasa kama figo zake zilikuwa tayari zinapoteza madini.

Mzizi wa akoniti, unaotumiwa kwa maumivu makali, ni sumu usipochemshwa kwa muda mrefu. Huvuruga mapigo ya moyo na huua.

Kisha kuna mkasa wa Brussels, Ubelgiji. Mapema katika miaka ya 1990, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa mzizi mmoja wa Kichina badala ya mwingine wenye jina linalokaribiana nao. Mzizi huo ulikuwa na sumu iitwayo asidi ya aristolokia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mizizi ya jina hilo hutumiwa pia kutibu maumivu ya viungo. Hebu fikiria anayeimeza pamoja na tenofoviri.

Isitoshe, baadhi ya unga unaouzwa kama miti shamba umepatikana ukiwa umetiwa dawa za hospitali kisiri, hasa steroidi. Unga ukikuondolea maumivu yote kwa siku moja, ushuku. Steroidi hushusha kinga na kuipa kifua kikuu nafasi, na zikitumiwa pamoja na ritonaviri baadhi yake hurundikana mwilini.

Ufanye nini?

Kwanza, rudi kliniki unakochukulia ARV. Eleza maumivu yalianza lini, yako wapi, na kama unadhoofika. Omba upimwe figo, potasiamu, wingi wa virusi, na kile kimeng'enya kinachovujia katika damu misuli inapoumia.

Pili, usiache ARV kwa sababu ya maumivu wala kwa kuambiwa na mganga yeyote. Kama dawa ndiyo chanzo, daktari ataibadilisha. Ukiiacha mwenyewe, virusi vitaongezeka na vyaweza kuwa sugu.

Tatu, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona mkojo mweusi, uvimbe wenye joto pamoja na homa, miguu inayokosa nguvu ghafla, au ukishindwa kupumua vizuri.

Nne, kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli kwa kipimo, kitambaa chenye joto na mazoezi mepesi. Usizoee tembe za aina ya diklofenaki ukiwa unatumia tenofoviri, kwani zote mbili huzielemea figo.

Mwisho, kama tayari unatumia mizizi, ichukue pamoja na pakiti yake umwonyeshe daktari. Wengi huficha kwa kuogopa kukemewa, na daktari akabaki kutafuta ugonjwa wa figo asioujua asili yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Afadhali ukemewe dakika tano, ukapimwa figo mapema.