Kutweta Si Uvivu

Jina la Kilelengwani, katika delta ya Mto Tana, wengi wetu tulilisikia mara ya kwanza Septemba 2012, kwa habari za mauaji. Mimi nalikumbuka kwa jambo jingine: wiki moja niliyokaa huko kwa shangazi yangu ilinifunza juu ya neno ‘pumzi’ mambo ambayo miaka yangu ya kufundisha isimu haikupata kunifunza.

Shangazi ana miaka sitini na ushei. Hajavuta sigara hata siku moja, lakini amepikia kuni tangu utotoni. Mtungi wa maji wa lita 20, kutoka mlangoni hadi jikoni, humlazimu kutua mara mbili njiani. Kuwasha moto ndiyo kazi kubwa. Huinama juu ya mafiga, akapuliza mara mbili, kisha hujiegemeza ukutani akitweta, midomo ameibana kama apozaye uji. Kazi hiyo yadai pumzi ile ile ambayo moshi wake umeipora! Kuanika nguo humchosha kuliko kuzifua, kwa sababu mikono ikiinuliwa juu, misuli inayosaidia kifua kupanuka huwa imetekwa na kazi nyingine.

“Mwanangu,” aliniambia, “nguvu ninazo. Pumzi ndiyo haifiki.”

Majirani husema ana pumu. Wajukuu husema ni uzee. Mkamwana wake husema, pembeni, kwamba ni uvivu. Zahanati moja ilimtibu kifua kikuu kwa miezi sita bila kumpima makohozi.

Madaktari huuita ugonjwa huu kwa herufi nne za Kiingereza, COPD. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Sigara huongoza katika nchi tajiri. Kwetu, moshi wa jikoni nao una sehemu kubwa. Pumu aghalabu hubana na kuachia. Ugonjwa huu huharibu njia za hewa polepole, wala hauponi, ingawa dawa za kuvuta na mazoezi hupunguza makali yake.

Kiswahili si maskini wa maneno ya pumzi. Tunapumua, tunahema, tunatweta. Na pumzi, pumu na pumzika ni ndugu wa shina moja. Aliyeliunda neno ‘pumzika’ alijua vyema kwamba kupumzika ni kurudishiwa pumzi. Kilichokosekana ni jina. ‘Ugonjwa sugu wa kuziba mapafu’ ni tafsiri ya haki, lakini ni nani atakayeitamka akiwa amekata pumzi? Nathubutu kupendekeza ‘kifua cha moshi’. Wataalamu watanipinga kwamba sigara pia ni moshi. Naam, ndiyo maana nimelichagua. Walimu wenzangu wa Kiswahili na wa sayansi walijaribu darasani, au walete lililo bora.

Kabla ya kuondoka nilimtafutia shangazi kigoda cha kukalia anapopika, nikashusha masufuria kutoka rafu ya juu, na kamba ya nguo nikaifunga usawa wa kifua. Mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, alinitazama muda mrefu.

“Kumbe ni ugonjwa?” akauliza.

Nikamtajia lile jina. Akalirudia mara mbili, kisha akainua mtungi, akaupeleka jikoni.